Mashine ya Flashi Yagoma Kustaafu

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko ndani ya tangi la choo chetu, nimevaa suti niliyoagwa nayo kazini, maji yamenifika magotini. Sikushangaa. Nilikuwa nimekuja kubadilisha mashine ya flashi.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Asubuhi Atuganile, mke wa mwanangu Lusajo, angefika kukaa nasi, na sisi Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Choo ni kimoja. Flashi ndiyo kengele yetu: ikinguruma, aliye koridoni anajua mlango unafunguka, anatimua mbio. Tangu ife tunamwaga kwa ndoo, na ndoo huisikia anayemwaga tu. Mama Lusajo alishaniambia kwamba nikigongana na mkwe wangu mlangoni, nihamie bandani kwa kuku.

Basi naikuta mashine ya zamani imeketi nyuma ya meza, katikati ya maji, boya lake kichwani kama kofia ya mkubwa. Naiambia mrithi wake amefika. Na kweli, mashine mpya imesimama pembeni ndani ya mfuko wake wa nailoni, kimya, kama mwajiriwa anayesubiri kuonyeshwa kiti.

"Mimi sistaafu," inasema ile ya zamani. "Naongezewa mkataba."

"Lakini hufanyi kazi."

"Nani amekuambia mkataba unaongezwa kwa kufanya kazi?"

Naiuliza basi yenyewe hasa inahusika na nini. Inanieleza kwa upole, kama inamfundisha mgeni: boya hupanda, na likishapanda hufunga mlango wa maji, wengine wasiingie.

"Na walio chini wanaosubiri hayo maji?"

"Chini ndiyo wapi?"

Nakamata nati yake kwa spana. Fundi yeyote atakuambia nati ya plastiki haitaki nguvu. Hii inalia machozi, inaniambia ina watoto wanasoma.

Mara hatuko tangini. Tuko uwanja wa mpira, Tukuyu, na jukwaa limejaa ukoo wangu wote, marehemu wamepewa viti vya mbele. Choo kiko katikati ya uwanja, hakina kuta, kina mlango tu, nami nimo ndani yake. Chini ya mlango naona vidole vya miguu ya Atuganile. Amekuja na ndoo yake. Babu yangu anavua kofia na kutazama pembeni. Ameshaanza kunionea aibu.

Sina ujanja ila kuiaga mashine kwa heshima. Natoa hotuba ileile niliyosomewa mimi siku yangu ya kustaafu: kwamba pengo lake halitazibika, kwamba mlango wa ofisi uko wazi kwake siku zote. Inasikiliza. Inapenga kamasi. Inaamini, kama nilivyoamini mimi. Naikabidhi saa ya ukutani kama ile waliyonipa, nayo inashuka yenyewe tunduni huku ikipunga mkono. Haijapotea machoni, ile mpya imeshakaa kwenye pengo.

Kitasa kinazunguka.

"Vuta, mzee," inasema mashine mpya.

"Nivute nami nimo humuhumu?"

"Kwani yumo nani mwingine?"

Navuta. Maji yananguruma, marehemu wanapiga makofi, nami naondoka na maji hayo.

Nilizinduka kitandani. Kulikuwa kumekucha, na flashi ilikuwa inanguruma kweli. Nyayo zikakimbia koridoni, mlango wa chumba cha wageni ukafungwa.

Mama Lusajo akaingia na chai. Akasema mkamwana amefika, na kwamba anamshukuru baba kwa kutengeneza choo, maana njia nzima alikuja akiwaza watakwepana vipi. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Fundi gani huyo, baba Lusajo, na alipita wapi?"

Nilikuwa natazama vidole vyangu kwenye kikombe. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyekesha akifua.