Kivuli cha Salvina Chaenda Kazini

Salvina alikuwa anakamua ng'ombe nyumbani kwake Kirua Vunjo kivuli chake kilipobanduka ukutani mwa zizi, kikapita mgombani hadi barabarani. Gari la kampuni ya tamthilia lilikuwa linakisubiri. Dereva alikifungulia mlango wa mbele, wakaondoka. Salvina alimaliza kukamua.

Aliigiza mama mkwe kwenye tamthilia hiyo tangu ilipoanza. Alipokataa kurekodi usiku kucha mpaka chama cha waigizaji kikubaliane na kampuni, simu zikakoma. Sasa mama mkwe alionekana kwenye runinga kama kawaida, mweusi kidogo. Watazamaji walisema amekonda.

Chama kiliitisha mazungumzo kwenye ukumbi mmoja mjini Moshi. Dai lilikuwa moja: kivuli kisifanye kazi bila idhini ya mwenyewe. Kampuni iliwakilishwa na mtayarishaji wake, Denis, mtu wa Dar es Salaam mwenye tabasamu la kuuza kiwanja chenye mgogoro. Kivuli kilikaa upande wake, kimekunja mguu vilevile anavyokunja Salvina. Hilo lilimuuma kuliko kukosa kazi.

Mpaka wakati wa chai Denis alikuwa ameishiwa hoja, na waigizaji walikuwa tayari kugoma. Baada ya chai alirudi ameshika jani la isale, akapiga magoti mbele ya Aristides, mwenyekiti wa chama.

"Shikamoo mzee. Nimekosa. Naomba mnisamehe."

Mchagga akiombwa msamaha kwa isale hakatai, na akishapokea, kosa halitajwi tena.

"Usipokee, mwenyekiti," Salvina alisema. "Hajaahidi chochote."

"Isale haikataliwi, mama."

"Basi nipewe mimi. Aliyekosewa ni mimi!"

Lakini mkono wa Aristides ulikuwa umeshanyooka. Denis alisimama, akapangusa magoti, na mwanasheria wake akafuta dai kwenye ajenda, maana sasa lilikuwa halitajiki. Watu walipiga makofi kwa sababu msamaha hupigiwa makofi.

Walipokuwa wanatoka walianza kutazamana kwa jicho baya. Nani alimfundisha Denis mambo ya isale? Mtu ambaye hata salamu ya Kichagga haijui! Wengine walimshuku Aristides, naye akawashuku wote. Salvina hakumshuku mtu. Upande ule wa meza, aliyekulia Kirua alikuwa mmoja tu, na muda wote alikuwa ameangalia dirishani.

Jumatatu Salvina alikwenda Machame, kwenye shamba la kahawa wanakorekodia. Msamaha ulishatolewa, akaona hakuna sababu ya kutorudishiwa nafasi yake. Jua lilikuwa la utosi. Alimwambia mlinzi wa getini jina lake.

Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimwamkia vizuri.

"Salvina ameshaingia, mama," alisema. "Yuko ndani tangu asubuhi. Wewe nikuandike nani?"