Moto wa Saa Tano

Mwalimu Wakio alifundisha sayansi miaka ishirini na tisa katika shule ya msingi ya pale Mwanda, na kuna somo moja ambalo wanafunzi wake wote walilikumbuka. Alibandika sufuria ya maji kwenye jiko la makaa, akatia vumbi la mbao kidogo, akawaita watoto wasogee. Vumbi lile lilipanda katikati, palipokuwa na moto mkali, likaenda pembeni, likashuka, likarudi tena katikati. Akawaambia kwamba maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda, nayo ya baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka kushika nafasi yao. Kisha aliwatoa nje akawaonyesha mteremko. Hewa nayo hufanya hivyo hivyo, aliwaambia. Jua likichoma mlima, hewa inayogusa ardhi hupata joto na kupanda kuelekea kileleni. Usiku mlima ukipoa, hewa hiyo huwa nzito, ikateremka bondeni.

Mumewe, Thadeus, aliishia darasa la saba, lakini somo hilo alilishika kuliko mwanafunzi yeyote, kwa sababu aliliishi. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko. Juu yao aliishi jirani yao Mwangangi na familia yake, na juu zaidi kulikuwa na msitu wa misonobari. Kila mwaka kabla ya mvua za masika, Thadeus alichoma mabua ya mahindi alfajiri, wakati hewa ya baridi ingali inateremka, ili moto ushuke naye polepole hadi kwenye kijito. Ikifika saa tatu shamba lilikuwa jivu tupu. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu waoane.

Mwaka huu Wakio alikuwa amestaafu, na goti lilimsumbua. Jumatano moja ya mwezi wa tatu alitoka nyumbani kungali giza kwenda kuonana na daktari Voi, akamwacha mumewe ajiandae kuchoma peke yake. Mvua ilikuwa karibu.

Ikikaribia saa tano, akiwa bado kwenye benchi alilokalia tangu saa moja, simu yake iliita.

"Mwalimu," Thadeus alisema, maana ndivyo alivyomwita hata nyumbani, "umande ulikuwa mwingi, mabua yalilowa. Sasa yamekauka. Niwashe ama niache hadi kesho?"

Wakati huo huo muuguzi alikuwa mlangoni, akiita jina la Wakio kwa mara ya pili. Mama mmoja aliyemfuata Wakio kwenye foleni alikwisha kuinuka ili apite mbele.

"Washa tu, Baba Rita, umalize. Naitwa."

Akakata simu, akaingia.

Daktari alikuwa akilikunja goti lake na kulikunjua, akimuuliza panapouma, ndipo Wakio alipoitazama saa ya ukutani. Aliomba ruhusa atoke. Alipiga simu mara tisa. Iliita tu.

Saa saba kasoro, Mwangangi ndiye aliyempigia. Wakio hakungoja salamu. Aliuliza kama moto ulikuwa umefika kwake.

"Umefika, lakini nyumba imepona," Mwangangi alisema. "Njoo nyumbani, Mwalimu."

Yaliyotokea aliyapata kwa vipande, kutoka kwa huyu na yule. Mwanzoni moto uliwaka kwa utulivu, wala hapakuwa na upepo. Kisha mteremko ukapata joto, hewa ikaanza kupanda kama inavyopanda kila siku ya jua. Ndimi za moto nazo zikaichemsha hewa iliyokuwa juu yao, ikapaa, na hewa nyingine ikavutwa kutoka chini kuja kuuchochea moto. Ukaruka mpaka wa shamba. Nyumbani kwa Mwangangi alikuwamo mama yake, bibi Kaveke, asiyeweza kutembea. Thadeus aliuzunguka moto akatokea juu yake, akambeba bibi mgongoni hadi barabarani. Kisha akarudi na matawi mabichi kuupiga moto karibu na zizi la mbuzi. Walimkuta nyuma ya zizi. Nguo zake hazikuwa zimeungua sana. Moshi ndio uliomwahi.

Rita, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Taveta siku hiyo hiyo. Kanisani Thadeus alisifiwa kwa kumwokoa bibi. Lakini kwenye matanga, watu walipodhani Wakio amesinzia, alisikia maneno mengine. Mzee alijua moto, walisema, sijui siku ile kiliingia nini kichwani mwake. Mwingine akasema uzee ni kitu kibaya. Wakio alifumba macho, akaacha yapite. Siku ya pili aliyasikia tena, akanyamaza tena, na usingizi ukamtoka kabisa.

Wiki mbili baadaye naibu wa chifu aliitisha baraza kuhusu moto wa mashambani. Alimwomba Wakio, kama anaweza, awaeleze watu saa za kuchoma na saa za kuacha. Rita alimsihi mama yake asiende. Alikwenda.

Alisimama mbele yao bila sufuria wala jiko, akaeleza kwa sauti ile ile ya darasani. Wengi walikuwa wanafunzi wake zamani, wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Alipomaliza hakuketi.

"Mnasema mume wangu alisahau," alisema. "Hakusahau. Alinipigia simu akaniuliza awashe ama angoje. Mimi nikamwambia awashe. Nilikuwa na haraka."

Rita, aliyekuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, aliinamisha uso. Naibu wa chifu akafunga baraza kwa sala.

Njiani Mwangangi aliwafuata, akatembea kando ya Wakio kwa mwendo wa goti lake bovu.

"Lakini yeye pia alijua, Mwalimu," alisema mwishowe.

"Alijua. Ndiyo maana aliniuliza."

Mwangangi aliwasindikiza hadi mlangoni, akaaga.

Usiku huo Rita hakumlaumu mama yake, wala hakumwambia kwamba si kosa lake. Alipika, wakala kidogo, kisha akapanda kitandani kwa mama yake, wakalala kama walivyolala Rita alipokuwa mdogo. Masika yalianza Ijumaa. Walipanda mahindi wawili hao, wakafika nusu ya shamba, Rita akarudi kazini. Nusu ya juu ilibaki bila mbegu msimu ule.