Chumba cha Mfano

Mwanangu ndiye msanifu majengo wa hospitali hii niliyolazwa. Ndiye anayechora jinsi itakavyokarabatiwa na kuongezewa jengo jipya nyuma. Na mimi, fundi cherehani niliyemsomesha kwa magauni ya watu, ndiye niliyekuwa kipimo chake. Kiharusi kilinipiga upande wa kulia, nipo hapa kujifunza upya kusimama, kuvaa, kushika kikombe. Kila alipokuja alinikalisha kwenye kiti cha magurudumu, akatoa futi yake. Mkono unafika wapi? Goti liko juu kiasi gani? Ukikaa, macho yanaona wapi?

"Wewe ndiye bosi wa mradi, Mama," ananiambia. "Wagonjwa wote watakushukuru."

Kichwa kikavimba! Nikaitangazia wodi nzima. Jirani yangu wa kitanda akawa ananiita Mheshimiwa, nami naitika bila haya.

Nilimwomba kitu kimoja tu. Nyumbani kwangu, anakoishi yeye na mumewe na watoto, mlango wa bafu ni mwembamba, kiti hakipiti, na mbele kuna ngazi. Aliahidi kupanua mlango na kumwaga zege la mteremko ili nirudi. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Bado, Mama, hospitali imenibana." Nikamwonea huruma, nikamwombea kwa Mungu.

Kisha wakajenga chumba cha mfano uani. Kuta za plaiwudi, lakini sinki la kweli, kitanda cha kweli, dirisha la kweli, ili makosa yaonekane kabla ya kujenga jengo zima. Nikasukumwa humo ili nikijaribu. Walikuwepo daktari mkuu, mkandarasi, na mwanangu na penseli yake sikioni.

Loh, kilinikaa! Magoti yakaingia chini ya sinki bila kugusa. Reli ya kushikia ilikuwa kushoto, kwenye mkono wangu uliobaki. Daktari akapiga makofi. Nikacheka, nikamtania mkandarasi kwamba kwa tumbo lile shati lake litakula kitambaa cha watu wawili.

Ndipo nikaona meza chini ya dirisha. Pana, nzito, ina tundu la kupitishia waya wa umeme, na chini yake, kushoto, kibao cha kuwekea kikanyagio. Meza ya cherehani siwezi kuikosea. Lakini wagonjwa hapa hukaa wiki chache, wakafundishwa, wakarudi kwao. Nani anakuja kwa wiki chache na cherehani?

Nikamgeukia daktari. "Hivi jengo hili jipya ni la kina nani?"

Akamtazama mwanangu kwanza. "La wakazi, Mama. Wale wa kudumu. Nilidhani mmeshazungumza."

Ala! Tulizungumza lini?

"Na bafu la nyumbani?" nikamuuliza mwanangu.

"Mama, chumba chako wamehamia watoto. Mimi natoka asubuhi, narudi giza limeingia, nani atakuinua? Hapa kuna wauguzi. Nimekuchagulia upande wa bustani."

"Nyumba ni yangu."

"Najua, Mama." Akaanza kulia. Machozi yalikuwa ya kweli, hilo simnyimi.

Bosi wa mradi! Kilemba cha ukoka nilivishwa, nikatamba nacho wodi nzima. Angeniambia tu. Ningelia, ningemtukana, pengine ningekubali. Lakini kunizunguka mimi, mama yake mzazi, kwa futi na tabasamu, huku nikimsaidia kushika ncha ya pili! Moyo uliniuma kuliko siku niliyoanguka.

Mkandarasi, maskini, hakujua atazame wapi. Akauliza kama kuna cha kurekebisha kabla hawajaanza kujenga.

"Kipo," nikasema. "Wekeni komeo mlangoni. Kwa ndani."

Mwanangu akafuta macho. "Mama, vyumba vya hospitali havikomewi kwa ndani. Wauguzi lazima waweze kuingia."

"Wauguzi nitawafungulia. Komeo ni kwa ajili yako. Ukija utapiga hodi, utasubiri nje kama mgeni, na siku ambayo sitaki, sitaitika."