Asipomeza

Kasuku alikuwa anameza, nasi tukafurahi. Mama yake alipiga makofi mara moja, kisha akajizuia, kwa kuwa tulitakiwa tuiache nyumba itulie. Mtoto alilala ubavu kwenye kochi, macho nusu yamefumba, na koo lake dogo lilipanda na kushuka. Tena. Na tena.

"Mwone anavyomeza," nilimwambia mke wangu. "Kidonda kinapona."

Ilikuwa alasiri ya siku ya pili. Asubuhi ya jana yake tulimpeleka hospitali kutolewa mafindofindo, na jioni ileile tukarudi naye nyumbani. Alikuwa na miaka saba. Tulimwita Kasuku kwa sababu alirudia kila alichosikia: ugomvi wa majirani, kikohozi cha mwalimu wake, hata nilivyowasema wateja wangu, tena mbele yao. Sasa alikuwa kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko nilivyokubali kusema.

Mimi ni mchora mabango. Saluni, gereji, duka la dawa, nusu ya mtaa wetu wanasoma mkono wangu, na Kasuku alijifunza kusoma kwa kazi zangu. Kwa hiyo muuguzi alipotutajia maagizo harakaharaka, huku wagonjwa wengine wakisubiri mlangoni, sikuona haja ya kuomba karatasi. Nilijiamini. Tulipofika nyumbani nilichukua kipande cha plaiwudi kilichokwisha kupakwa rangi nyeupe, nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka, hakuna hata moja iliyoyumba: MAJI BARIDI. UJI ULIOPOA. DAWA KILA BAADA YA SAA SITA. ASIPOMEZA, ARUDISHWE UPESI. Nikalitundika ukutani, mbele ya kochi.

Mke wangu alilisoma, kijiko mkononi.

"Baba Kasuku, mbona mimi nilisikia 'akimeza'? Akimeza-meza mfululizo?"

Nilicheka. "Nani amrudishe mtoto hospitali kwa sababu anameza? Wewe ulikuwa chini ya kitanda unatafuta viatu vyake."

"Haya, mwenye herufi zako," akasema, akarudi kwenye uji.

Basi alasiri ile Kasuku akainuka ghafla, akafumbua mdomo. Nilidhani anataka kusema kitu. Niliinama nimtegee sikio, nikiwa na furaha kabisa, na damu ikanimwagikia shingoni, nyingi, ya moto. Mimi ninayechanganya nyekundu kila siku sikuitambua. Nakumbuka niligeuka kutazama kama kopo langu la rangi limepinduka.

Nilipogeuka tena, kochi lilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa ameshafika barabarani, pekupeku, mtoto kifuani. Jirani yetu, fundi magari, alitupakia katika gari la mteja ambalo hata boneti yake haikufungika vizuri. Njia nzima nilitazama boneti ile ikidundadunda. Akili yangu ilikuwa imegoma kutazama kitu kingine.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimlaza Kasuku kwenye kitanda cha magurudumu, akatugeukia.

"Mtoto akimeza-meza hivyo, anameza damu! Hamkuambiwa?"

Nilifungua mdomo.

"Tuliambiwa," mke wangu akasema. "Mimi ndiye niliyesahau."

Akagombezwa pale pale, mbele za watu. Mama gani wewe? Mtoto angekufia mikononi! Alisikiliza yote, miguu imejaa vumbi, bila kunitupia jicho hata mara moja. Nami nilisimama kando, damu ya mwanangu ikinikaukia kwenye kola, nisiseme neno. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Nimewahi kujiambia nilikuwa nimepigwa na butwaa, na ni kweli nilikuwa. Lakini butwaa huisha. Walimshona Kasuku kwa zaidi ya saa nzima, na saa yote hiyo muuguzi alipita mbele yangu akienda na kurudi. Ulikuwa ni woga.

Na kitanda kile kilipokuwa kinasukumwa kuingia ndani, mama yake bado anagombezwa, Kasuku alikuwa macho, anatutazama.

Alirudi nyumbani siku ya tatu, mweupe midomo, mwepesi mikononi. Bango lilikuwa bado ukutani. Hatukulizungumzia. Mke wangu alipika uji, akaupoza, akanisalimu asubuhi kama siku zote, na wema wake ule ulinichoma kuliko matusi. Siku ya tano nilingoja aende jikoni, nikapanda kwenye stuli, nikalitoa kwenye msumari.

Aliingia na kikombe cha maji nikiwa bado juu ya stuli. Kasuku alikaa wima kwenye kochi, akanyoosha kidole kwangu. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama mlango wa zamani, lakini kila neno lilisikika.

"Mama hakusahau," akasema. "Baba ndiye aliyekosea kuandika."

Stuli iliyumba chini yangu. Mke wangu hakuinua uso. Alimshikia mtoto kikombe, akamfuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Usiongee sana, mwanangu," akasema. "Koo bado halijapona."

Nikashuka, bango mkononi, nisijue pa kuliweka.