Kivuli cha Matimba

Mimi sipendi kuulizwa kwa nini nilijenga pagola. Watu wa mtaa wetu hapa Chunya waliniuliza mpaka wakakoma wenyewe. "Eveline, banda gani hilo halina paa?" Nikawajibu kwamba ni la mama yangu, mwenye macho atazame, mwenye mdomo aufunge. Nilikuwa nimeiona Mbeya, nyuma ya hoteli moja nilikopeleka sare za wahudumu nilizoshona. Nguzo zimesimamishwa, juu zimelazwa mbao kwa nafasi nafasi, pasheni limetambaa humo, na chini yake mtu anakaa saa sita mchana na chai yake kama vile jua ni la watu wengine. Nikasema moyoni, hiki ndicho kitamfanya mama abaki.

Maana mama alitaka kuondoka. Mama yangu, Rozalia, ni mtu wa Igowole, kule Mufindi, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni na sweta ni vazi la mwaka mzima. Nilimleta kwangu baada ya kuteleza akitoka kuchota maji, akalala pale chini peke yake mpaka watu waliotoka kanisani walipomkuta. Nikaapa haishi tena bila mtu. Sina mume, sina mtoto, nina cherehani na mama, basi. Lakini joto la Chunya halina adabu. Linatoka juu, linatoka chini, linatoka ukutani. Mama alikuwa anajimwagia maji kichwani, anakaa kizingitini akihema, anasema, "Eveline mwanangu, utanizika kwenye vumbi hili? Nirudishe nikafe na baridi yangu."

"Hufi," namwambia. "Na Igowole hakuna mtu."

Hapo anageuzia uso ukutani, kwa kuwa sote tulijua nani alipaswa kuwepo Igowole. Clement, mdogo wangu. Alikuja Chunya kuchimba dhahabu, na siku moja duara lao, yaani lile shimo wanalochimba kwenda chini kabisa, likaporomoka yeye na wenzake wakiwa ndani. Watu walifukua kifusi mpaka maji yakawashinda, wakaacha. Hakutoka hata mmoja. Kule nyumbani wazee walizika mgomba uliovishwa koti lake badala ya mwili, watu wakakaa matanga, wakatawanyika. Mama hakutoa chozi. Alikaa ameshika shavu, akasema, "Mgomba sikuuzaa mimi." Tangu siku hiyo hajamlilia, na mimi sikuthubutu kumlazimisha.

Basi nikamtafuta Jailos. Huyu zamani alikuwa mchimbaji, mgongo ukamgomea, akageukia useremala. Ana mikono ya kazi na maneno ya mkato. Alikuja na mkokoteni wa nguzo nyeusi, nzito, zimelala hapo juani na bado ukizigusa ni baridi.

"Mti gani huu?" nikamuuliza.

"Mti mgumu, dada. Huu mchwa hagusi."

Mtu wa Chunya akisikia mti usioguswa na mchwa hana swali la pili. Akachimba, akasimamisha. Lakini sura ya kazi ikanikera. Nguzo mbili zimeinamiana juu, boriti, nguzo mbili tena, boriti, zimefuatana hivyo kutoka mlango wangu wa jikoni mpaka ukuta wa nyuma. "Jailos, wewe! Nilikwambia pagola, mbona umenijengea njia ya kwenda shimoni?"

"Ndivyo ninavyojua kujenga," akasema, na hakuniangalia usoni. "Hii haianguki."

Nikapiga kelele zangu, nikachoka, nikaiacha. Mama akabebewa kiti chake mpaka katikati. Akakaa. Nikamwona mabega yanashuka, uso unafunguka. "Hee!" akasema. "Eveline! Hapa ni Igowole kabisa." Nilifurahi jamani, nilifurahi nikaingia ndani kulia. Usiku huo huo nilinunua miche ya pasheni kichwani mwangu.

Lakini ile baridi ilizidi kipimo. Mbao juu zina nafasi, jua linapita, na bado chini ni ubaridi wa kutia mikono kwapani. Jirani yangu Nusrat, mwenye duka la kanga, alikuja kumsalimia mama, akakaa, akanywa chai funda moja, akainuka. "Shoga," akaninong'oneza jikoni, "mimi pale sikai. Pale pana baridi ya kuzikia." Nikamwambia aache ushamba. Ila kikombe chake nilikikuta kimepoa kana kwamba kimelala nje. Na kuku wa mtaa mzima walikuwa wanagombania kivuli chembamba cha ukuta, kile kipana hawakisogelei.

Siku moja mchana niko kwenye cherehani nikasikia, ko. Kimya kidogo. Ko-ko.

Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Mlio ule niliujua wapi? Niliujua mlangoni kwangu. Wachimbaji wakishuka duarani hugonga nguzo, ili walioko chini wajue anayekuja ni mtu, na kila mmoja ana mlio wake. Clement alileta tabia hiyo mpaka majumbani mwa watu. Akija kunisalimia lazima agonge fremu ya mlango, ko, kisha ko-ko, nami nilikuwa nikimfokea, "Ingia bwana, kwani hapa ni duarani?"

Nikaenda nyuma. Mama amekaa kitini, kijiko mkononi, anagonga nguzo. Ko. Ko-ko.

"Mama, unafanya nini?"

"Namjibu," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Kuanzia hapo nilikosa usingizi. Mama aliacha kula sawasawa, nusu ya ugali wake anaiacha kwenye sahani chini ya nguzo, na ukimuuliza anasema ameshiba. Anazungumza peke yake, anacheka, ananyamaza kusikiliza, anacheka tena. Mikono yake ikawa ya baridi hata akikaa jikoni karibu na moto. Halafu miguu. Nilikuwa namvua viatu jioni nikakuta tope. Tope jeusi, bichi, limepanda mpaka kwenye vifundo, na sisi kiangazi chote hicho maji tunanunua ya mkokoteni! Nikamwosha huku nafoka. "Umekanyaga wapi, mama? Niambie!"

"Kule si mbali," akasema. "Ngazi ni nzuri. Anasema Jumapili nivae sweta, tutashuka wote."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Jailos karakanani anaranda mlango. Sikumsalimia. Nilimkamata ukosi. "Zile nguzo umezitoa wapi?"

Alitazama maranda miguuni. "Ni matimba, dada."

Matimba ni zile nguzo za kushikilia kuta za duara zisimwangukie mtu. Nikamuuliza duara lipi, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari tumboni. Akaniambia, lile la Clement. Zilikuwa za mdomoni, sehemu ya juu ambayo haikuporomoka. Miti migumu vile inakaa bure, akaona azichukue.

"Ukaniletea mimi? Dada yake?"

"Sikujua ni ya mama. Nikajua ni ya wateja wako. Halafu nikaogopa kusema." Akaanza kujifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Na kuna jingine. Mtu hang'oi matimba kimya kimya. Unaita kwanza. Unaita ndani, kuna mtu? Akijibu mtu hugusi nguzo, unasubiri atoke. Hiyo ni sheria, hata mlevi anaijua. Mimi sikuita."

"Kwa nini?"

"Ningemwita nani, dada? Wote wale nimekula nao. Nilijua wamekufa. Ilinishinda kusimama pale niwaite watu niliowalilia."

Nilitaka kumpiga, Mungu ananiona, lakini nilimwachia ukosi. Nikamwambia achukue mtaimbo twende, anakuja kubomoa sasa hivi.

Tulifika jua likiwa utosini. Mama amekaa mahali pake na sweta ameshavaa, lile la kijani la kanisani. Siku moja kabla ya siku aliyoisema. Nikamwomba atoke, tunabomoa. Akatikisa kichwa.

"Hamwezi kubomoa. Kuna mtu ndani."

Jailos alisimama nje kabisa, kwenye vumbi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, na meno yanagongana. Akaita, "Kuna mtu?" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akainua mtaimbo.

"Hujamwita jina," mama akasema.

Jailos alirudi nyuma hatua moja. Basi nikaita mimi. "Clement!"

Ko. Ko-ko.

Haikutoka nguzo moja. Ilitoka kwenye zote, na chini ya nyayo zangu pia. Jailos aliangusha mtaimbo. Baridi ikapanda kutoka ardhini, na nilipotazama mwisho wa pagola, pale ulipo ukuta wangu wa nyuma, ukuta sikuuona. Niliona giza, boriti baada ya boriti, zinateremka. Na mama alikuwa ameshainuka. Alikuwa anatembea kuelekea huko, mdogo mdogo, ameshika kijiko chake.

Niliogopa mpaka haja ndogo ilinikaribia, sioni aibu kusema. Lakini mimi nikiogopa sana hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Niliingia mbio, nikamshika mama kiunoni, nikalifokea lile giza kama nilivyokuwa nikimfokea Clement akichelewa chakula.

"Clement! We mtoto, huna haya? Unamwita mama ashuke huko? Huyu mwenye magoti yale? Toka wewe! Toka nje sasa hivi! Kazi imekwisha, wenzako wameshakwenda, hakuna dhahabu, hakuna tajiri wa duara, hakuna anayekungoja huko chini. Sisi tuko juu. Mama yuko juu. Tangulia kutoka, ukitoka na yeye atatoka. Unanisikia? Usinichoshe!"

Nilimsikia Jailos nje akisema polepole, "Waambie wote, dada." Nikasema, "Na wote. Njooni wote."

Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi, kisha ya jasho, lile jasho la Clement ambalo nilikuwa namtania kwamba linamtangulia mlangoni. Kitu kilinipita, kikanigusa bega kama mtu anayepenya mahali pembamba. Halafu pale kivuli kinapokwisha na jua kuanza, vumbi likapata unyayo. Mtupu, wa tope jeusi. Ukafuata wa pili. Nyuma yake zikatokea nyingine, za miguu mingine, mikubwa na midogo, zikapita mbele ya Jailos aliyekuwa amepiga magoti, zikaenda getini, zikaishia barabarani. Za kwanza peke yake hazikufika getini. Zilisimama katikati ya ua, zimegeuka, vidole vinatutazama sisi.

Mama aliniponyoka. Akatoka juani na sweta lake, akaenda mpaka pale, akasimama uso kwa uso na hewa. Akanyoosha mkono, akaipapasa hivi, kimo cha shavu la mwanamume. "Umekonda," akasema.

Tope lilianza kukauka na kupauka, kama inavyokauka kila kitu Chunya. Hapo ndipo mama alilia. Alipiga yowe lile la kwetu, la msiba, lililokaa kifuani mwake tangu mgomba ulipozikwa, akaanguka chini, akagaagaa. Nusrat alilisikia dukani kwake, akaja mbio bila viatu. Hakuuliza kitu. Alikaa vumbini, akamshika kichwa, akalia naye.

Jioni mama alichota udongo wa zile nyayo mbili kwa kijiko chake, polepole, asiache hata punje, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Nikamrudisha kitini chini ya pagola apumzike. Alikaa kidogo, akavua sweta, akajipepea kwa kiganja.

"Kumbe hapa napo ni joto," akasema.

Nilijua linalofuata. Nikamwambia upesi kwamba nitapanda pasheni, nitaweka na makuti juu, baridi itarudi. Akaniacha nimalize.

"Eveline, nirudishe. Nina mtu wa kuzika."

"Tutakwenda tumzike, kisha turudi wote."

"Sitamwacha tena peke yake. Binti wa mjomba wako atahamia kwangu, atalala nami."

"Na mimi je, mama?" Nilipiga kelele, mtu mzima mimi. "Mimi ni nani yako? Mimi niliyejenga?"

Alinivuta kichwa mapajani kwake kama nilipokuwa mdogo. Mikono yake ilikuwa na joto. "Clement alihitaji kuitwa. Wewe, mwanangu," akasema, "hata usipoitwa unatoka."

Tulizika kile kitenge Igowole, juu ya mgomba uleule, ukungu ukiwa umefunika mpaka kaburi lenyewe halionekani. Mama alibaki. Anakula, anapiga simu Jumapili, analalamika mahindi yanaliwa na nyani.

Jailos amekuja mara kadhaa kuniomba abomoe. Nimemkatalia. Pasheni limeshapanda, kuku wanalala chini yake wanavyotaka, na Nusrat siku hizi anakuja na kitambaa chake cha kujifuta jasho. Akiondoka, mchana kumetulia, mimi huchukua kijiko nikagonga nguzo. Ko. Ko-ko. Nasubiri. Halafu narudi kwenye cherehani.