Majogoo Saba wa Balbina

Kati ya vifaranga kumi na mmoja waliokua mwaka ule wa tisini na sita, saba walikuwa majogoo. Balbina alipogundua hakucheka wala hakulia. Alichoka tu zaidi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse majogoo saba katika ua mmoja wa kijiji cha Lumemo. Walipigana tangu alfajiri, wakamaliza pumba, wakawasumbua mitetea mpaka migongo yao ikabaki bila manyoya na mayai yakakatika. Dada yake wa Mchombe alipoombwa awachukue, alijibu kwamba hata wa kwake wamemshinda.

Mzigo mkubwa lakini ulikuwa mpunga: ekari mbili zilizoiva bondeni, na yeye mjane wa miezi minane mwenye mgongo mbovu. Melkiori, mdogo wa marehemu mumewe Viktor, alishasema mbele ya ukoo kwamba mpunga ukipukutikia shambani, shamba analichukua yeye. Ukoo ulinyamaza, na ukoo ukinyamaza umekubali. Balbina alivuna peke yake siku nne, akapata kipande kisichotosha hata kutandika mkeka.

"Wavunaji unao, wanakula pumba zako bure," jirani yake Klementina alimwambia, akiwatazama majogoo. "Chinja wote, uite watu."

Jumamosi watu kumi na tisa waliingia shambani na visu vyao, kwa ahadi ya wali na kuku. Jua lilipoanza kuinama mpunga wote ulikuwa umekatwa na kurundikwa. Balbina, macho mekundu kwa moshi, akaanza kupakua.

Hapo ndipo Melkiori alipofika, mikono mitupu, akaketi mbele ya wote. Kwao firigisi ni ya mwanamume mwenye mji. Mwanamke haionji, na anayepakuliwa firigisi mbele za watu ndiye mwenye mali. Akanyoosha sahani.

"Shemeji, zangu hizo."

Balbina aliitazama ile sahani. Alikuwa amechoka na tope, amechoka na ukoo, na zaidi alikuwa amechoka kujibu kwa adabu watu wasio na adabu. Akamwekea paja, tena kubwa.

"Firigisi ni za mwenye shamba, shemeji," alisema taratibu. Akaziweka zote saba kwenye sahani yake mwenyewe, akaketi juu ya gogo, akatia moja mdomoni.

Watu waliacha kutafuna. Melkiori akamgeukia baba yake mkubwa, mzee Pantaleo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo na aliyevuna tangu asubuhi. Mzee alimtazama Balbina, akautazama mpunga uliorundikwa, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Wengine nao wakaendelea kula.

Miaka ishirini na miwili Balbina alimpakulia Viktor firigisi, akiamini ina utamu ambao wanaume wanawaficha wake zao. Ilikuwa ngumu, na haikuwa na utamu wowote wa kusimulia. Akaimeza, akachukua ya pili.