Ushahidi wa Felista

Mughwai alianza kucheka peke yake wakati wa kuvuna uwele. Kisha akaacha kuoga, akaacha kulala, akawa anaziba masikio na kugombana na ukuta wa tembe. Dada yake, Felista, alipomuuliza, alijibu, "Alute ananisemesha humo ndani ya ukuta."

Basi! Felista hakutaka zaidi. Nani pale Issuna asiyemjua Alute, jirani ambaye ng'ombe wake hunenepa wa wenzake wakikonda? Ilikuwa zama za Mwingereza, na hofu ya simba-mtu ilikuwa bado mbichi: kwamba wachawi humpumbaza mtu kwa dawa, wakamfuga, wakamvika ngozi ya simba na kumtuma kuua. Felista hakuwa na ndugu mwingine. Wamfuge Mughwai? Thubutu!

Alimpeleka zahanati ya misheni. Dresa Paskali, mtoa dawa wa pale, akasema ni ugonjwa wa akili. "Sauti anazisikia kweli, kama unavyonisikia mimi, ila hakuna anayesema. Hakulogwa. Wengine wanao kwenye ukoo, wengine hatujui chanzo. Hospitali ya Dodoma wameleta vidonge vipya. Haviponyi kwa siku moja, lakini vinatuliza."

Felista akatoka amenuna. Huyu naye kahongwa mbuzi na Alute, au vipi?

Akaenda kwa jumbe Antipasi kushtaki, na jumbe akaitisha baraza. Felista akitoa tu ushahidi wake, Alute angefungwa kamba apelekwe boma, kwenye ofisi ya Mwingereza, na waliopelekwa boma kwa mambo ya simba-mtu walinyongwa. Hilo alilijua, na lilimpendeza.

Asubuhi ya baraza alimpikia ndugu yake uji, akauonja kwanza mbele yake, kama afanyavyo kila mpishi kuonyesha hakutia kitu. Mughwai akausukuma.

"Umeonja upande usio na sumu. Alute kaniambia nawe umo. Mmeshaniuza."

"Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Akaapa kwa kaburi la mama yao. Kadiri alivyoapa ndivyo Mughwai alivyozidi kumwogopa, amejibana pembeni anatetemeka. Felista akakumbuka. Habari za Alute nazo Mughwai alizisema hivi hivi, kwa macho haya haya, naye Felista akaamini neno kwa neno. Lakini uji huu aliukoroga mwenyewe.

Barazani watu walijaa, wengine na marungu. Alute alikaa chini, midomo imemkauka.

"Haya, Felista, sema," akasema jumbe.

"Alute hakufanya kitu. Ndugu yangu ni mgonjwa. Leo kaniambia mimi ndiye ninayemtilia sumu, na mikono yangu naijua."

Lo, kelele zilizozuka! "Kahongwa!" "Kumbe naye yumo!" Macho yote yakamwacha Alute, yakamgeukia yeye.

Jumbe akauliza, "Kama si Alute, ni nani sasa?"

 Felista akamtazama Mughwai, aliyeketishwa pembeni, ameziba masikio, analia.

"Hakuna mtu. Lakini kama ni lazima mumpeleke mtu boma, nifungeni mimi. Ila yeye mpandisheni kwanza lori la kwenda hospitali ya Dodoma, nione kwa macho yangu likiondoka."